Ufa Uko Dukani: Miji ya Marekani na Uuzaji wa Bunduki

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hauanguki kwa siku moja. Kwanza huingia ufa mwembamba. Mwenye nyumba hupita karibu nao kila siku bila kuujali. Mvua za masika zikija, maji huingia hapo, na ukuta huanguka.

Katika nchi ya Marekani, mameya na madiwani wa miji mingi wamekuwa wakitafuta ufa wa namna hiyo. Ufa wenyewe ni njia ambayo bunduki hupita kutoka katika duka la halali mpaka mikononi mwa mhalifu. Leo tutaeleza jinsi walivyoutafuta, walivyojaribu kuuziba, na mambo waliyojifunza.

Ndugu msomaji, kwanza tuone ukubwa wa tatizo. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki nchini Marekani. Maana yake ni watu zaidi ya 130 kila siku. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Wengi wa waliobaki waliuawa na watu wengine. Ni vijiji vingi vizima ambavyo vingekwisha katika mwaka mmoja.

BUNDUKI HUNUNULIWAJE?

Marekani ina maduka maelfu ya kuuza bunduki. Katiba ya nchi hiyo, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 1791, inawapa watu haki ya kuwa na silaha. Wengi hununua bunduki kwa ajili ya kuwinda, kulenga shabaha, au kulinda nyumba zao.

Lakini si kila mtu anaruhusiwa kununua. Sheria ya mwaka 1968 inasema kwamba muuzaji lazima awe na leseni ya serikali kuu. Muuzaji huyo haruhusiwi kumuuzia bastola mtu ambaye hajatimiza miaka 21. Haruhusiwi pia kumuuzia bunduki mtu aliyepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa.

Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha sheria nyingine. Sheria hiyo inamtaka muuzaji mwenye leseni ahakikishe kwanza habari za mnunuzi. Tangu mwaka 1998 kazi hiyo hufanywa hivi: Mnunuzi anajaza fomu na kutia sahihi. Muuzaji anauliza serikali kwa simu au kwa kompyuta. Serikali inatazama kumbukumbu zake. Kisha inajibu: muuzie, usimuuzie, au ngoja kwanza.

Ukisoma hivyo utasema kwamba mlango umefungwa vizuri. Basi mhalifu anapitia wapi?

MNUNUZI WA KUTUMWA

Mhalifu anajua kwamba akienda dukani mwenyewe atakataliwa. Kwa hiyo anatafuta mtu mwingine ambaye hana kosa lolote. Huyo anaweza kuwa rafiki, mpenzi, ndugu, au mtu tu mwenye shida ya fedha. Anampa fedha na kumwambia: "Nenda ukaninunulie bunduki ile."

Mtu huyo tumwite mnunuzi wa kutumwa. Anajaza fomu kwa jina lake. Katika fomu kuna swali: Je, wewe ndiwe mnunuzi hasa wa bunduki hii? Anajibu ndiyo, naye anasema uwongo. Serikali inatazama jina lake na kuona hana kosa. Bunduki inauzwa. Jioni hiyo hiyo bunduki iko mikononi mwa mwingine.

Karatasi zote ni safi. Kumbukumbu za serikali hazionyeshi kosa lolote. Mtu pekee anayeweza kuona hila hiyo ni yule aliyesimama nyuma ya meza ya duka. Yeye anawaona watu wawili wakiingia pamoja. Anaona mmoja akichagua bunduki na mwingine akijaza fomu. Anaona mteja asiyejua hata jina la bunduki anayoinunua. Anaona mtu akinunua bastola tano za namna moja kwa siku moja.

Akiuliza maswali na akakataa kuuza, mlango umefungwa. Akifumba macho kwa sababu ya faida, mlango uko wazi.

NYAYO ZA BUNDUKI

Kila bunduki inayotengenezwa kiwandani ina namba iliyochongwa kwenye chuma. Polisi wakikamata bunduki ya mhalifu huisoma namba hiyo na kuipeleka katika kituo cha serikali kilichoko Martinsburg, katika jimbo la West Virginia.

Sheria hairuhusu kuweka orodha moja ya majina ya wenye bunduki wote wa nchi. Kwa hiyo watumishi wa kituo hicho hufuata nyayo hatua kwa hatua, kama mchungaji anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Wanauliza kiwanda: Bunduki hii mlimuuzia nani? Kiwanda kinataja mfanyabiashara wa jumla. Wanamuuliza mfanyabiashara wa jumla. Naye anataja duka. Wanauliza duka. Mwenye duka anafungua daftari na kutaja jina la mtu wa kwanza aliyeinunua.

Mwaka 2000 serikali kuu ilitoa taarifa kuhusu nyayo hizo. Taarifa hiyo iliwashangaza watu wengi. Ilionyesha kwamba maduka mengi hayakuwa na bunduki hata moja iliyofuatiliwa katika mwaka uliochunguzwa. Lakini zaidi ya nusu ya bunduki zilizofuatiliwa, yaani 57 katika kila 100, zilitoka kwa wauzaji wachache sana. Wauzaji hao walikuwa kama mmoja tu katika kila wauzaji mia moja.

Hapana budi tuseme kweli. Duka linalouza bunduki nyingi litakuwa na bunduki nyingi zinazofuatiliwa, hata kama mwenyewe ni mwaminifu. Hesabu peke yake haimtii mtu hatiani. Lakini hesabu hizo ziliwaonyesha viongozi wa miji mahali pa kuanza kutazama. Mtungi unapovuja, mtu mwenye akili hauvunji. Huutafuta ufa.

MAMBO YALIYOTOKEA MILWAUKEE

Milwaukee ni mji mkubwa ulio kando ya ziwa Michigan, katika jimbo la Wisconsin. Kando yake kuna mji mdogo uitwao West Milwaukee. Huko kulikuwa na duka la bunduki. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba duka hilo lilikuwa likiongoza katika nchi nzima kwa kuuza bunduki zilizokamatwa baadaye katika uhalifu.

Habari hiyo ilimtia aibu mwenye duka. Mwezi Mei mwaka huo, kwa hiari yake, aliacha kuuza bastola ndogo za bei rahisi. Bastola hizo ndizo zilizopendwa na wahalifu, kwa sababu ni rahisi kuzificha na hazina gharama kubwa.

Je, hatua hiyo ilisaidia? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza. Waliona kwamba bunduki mpya zilizotoka katika duka hilo na kukamatwa kwa wahalifu zilipungua kwa karibu robo tatu. Katika mji mzima wa Milwaukee, bunduki mpya zilizokamatwa kwa wahalifu zilipungua kwa asilimia 44. Wahalifu hawakwenda tu kuzipata katika duka jingine, kama watu wengine walivyodhani. Duka moja lilibadili uuzaji wake, na mji mzima ukaona matokeo.

Lakini mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozuia habari za nyayo za bunduki kutangazwa kwa watu wote. Tangu hapo wananchi na waandishi wa magazeti hawakuweza tena kujua kwa urahisi ni duka lipi linaloongoza. Wataalamu wale walitazama tena. Waliona kwamba bunduki mpya kutoka duka lile zilizofika kwa wahalifu zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Macho ya watu yalipoondoka, ufa ulirudi.

Mwaka 2009 ulileta msiba. Kijana wa miaka 18 alitaka bastola. Kwa sheria hakuweza kuinunua. Alikwenda katika duka lile lile, ambalo wakati huo liliitwa Badger Guns, pamoja na mwenzake wa miaka 21. Kamera ya duka iliwapiga picha. Kijana aliionyesha bastola aliyoitaka. Mwenzake akajaza fomu. Malipo ya mwenzake kwa kazi hiyo yalikuwa dola 40.

Mwezi uliofuata, askari polisi wawili wa Milwaukee walimsimamisha kijana huyo barabarani. Aliwapiga risasi wote wawili usoni. Hawakufa, lakini mmoja alipoteza jicho na kuumia ubongo. Kijana alihukumiwa kifungo cha miaka 80. Mwenzake aliyemnunulia alifungwa miaka miwili.

Askari hao walilishtaki duka. Walisema kwamba dalili zote za mnunuzi wa kutumwa zilikuwa wazi, na muuzaji hakuzijali. Mwezi Oktoba 2015, wananchi walioteuliwa kuamua kesi hiyo walikubaliana nao. Waliamuru duka lilipe karibu dola milioni 6. Baadaye pande mbili zilipatana kwa dola milioni 1, ili kesi isiendelee katika rufani.

Fedha haziwezi kurudisha jicho. Lakini wauzaji wa nchi nzima walisikia habari hiyo.

MIKONO ILIYOFUNGWA

Huenda msomaji atauliza: Kwa nini halmashauri za miji hazitungi sheria tu na kumaliza jambo hili?

Jibu ni kwamba mikono yao imefungwa. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake. Zaidi ya majimbo 40 yana sheria zinazozuia miji kutunga sheria zake kuhusu bunduki. Tena, mwaka 2005 Bunge la nchi lilipitisha sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki wasishtakiwe ovyo kwa makosa ya watu walionunua. Njia mojawapo iliyobaki ni pale muuzaji anapokuwa amevunja sheria kwa kujua, au kwa uzembe mkubwa wa kumkabidhi silaha mtu wa hatari. Askari wa Milwaukee walipitia njia hiyo nyembamba.

Kwa hiyo viongozi wa miji walilazimika kutumia akili. Tutaeleza njia tatu walizojaribu.

NJIA YA KWANZA: KUPATANA NA WAUZAJI

Mwezi Aprili 2006, meya wa New York, Michael Bloomberg, na meya wa Boston, Thomas Menino, waliwaita mameya wenzao. Walikutana mameya 15. Waliunda umoja wao wa kupambana na bunduki haramu. Baadaye mameya wengi wa miji mikubwa na midogo walijiunga.

Mwaka huo huo mji wa New York ulifanya jambo lisilo la kawaida. Bunduki nyingi zilizokamatwa New York zilikuwa zimenunuliwa katika majimbo mengine ya mbali. Meya alituma wapelelezi waende wawili wawili katika maduka ya majimbo hayo. Mwanamume alichagua bunduki na kuzungumza na muuzaji. Mwanamke alikuja kujaza fomu tu. Walijifanya kama wanunuzi wa kutumwa, ili waone muuzaji atafanya nini.

Wauzaji wengine walikataa kuuza. Wengine waliuza bila kuuliza. Mji wa New York uliwashtaki wauzaji 27, yaani 15 mwezi Mei na 12 mwezi Desemba. Wengi wao walimaliza kesi kwa mapatano. Walikubali msimamizi aliyewekwa na mahakama atazame uuzaji wao na kuwafundisha wafanyakazi wao. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba bunduki za maduka yaliyopatana zilipungua sana katika uhalifu wa New York.

Mwaka 2008 mameya walipiga hatua nyingine. Walipatana na Walmart, kampuni yenye maduka makubwa katika nchi nzima. Kampuni hiyo ilikubali kwa hiari kanuni kumi za uuzaji mwema. Hizi ni baadhi yake:

1. Kila uuzaji wa bunduki upigwe picha na kamera.

2. Wafanyakazi wanaouza bunduki wachunguzwe kwanza, kisha wafundishwe kumtambua mnunuzi wa kutumwa.

3. Duka liweke kumbukumbu za bunduki zake zilizokamatwa katika uhalifu, na za watu walionunua. Mtu huyo akirudi, muuzaji apate onyo.

4. Bunduki zihesabiwe mara kwa mara na kufungiwa mahali salama, ili zisiibwe.

5. Bunduki isiuzwe mpaka jibu la serikali lirudi.

Kanuni ya tano inahitaji maelezo. Sheria ya nchi inasema kwamba serikali isipojibu katika siku tatu za kazi, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Wengine huuza. Mwezi Juni 2015, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kijana mmoja aliwaua watu tisa waliokuwa kanisani wakijifunza Biblia. Bunduki yake aliinunua katika duka la halali. Siku tatu zilikuwa zimepita na jibu halijarudi. Wakuu wa upelelezi walikiri baadaye kwamba, kama kumbukumbu zingetazamwa vizuri, kijana huyo angekataliwa. Muuzaji hakuvunja sheria. Lakini muuzaji anayefuata kanuni ya tano angengoja.

NJIA YA PILI: MTEJA MKUBWA HUULIZA

Polisi wa miji nao wanahitaji bastola na risasi. Fedha za kuzinunua hutoka katika kodi za wananchi. Kwa hiyo halmashauri ya mji ni mteja mkubwa wa biashara hii.

Meya Steven Fulop wa Jersey City alilifikiria jambo hilo. Mji wake uko katika jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York. Katika miaka ya 2013 na 2014, mji ulipotaka kununua silaha za polisi, kampuni zilizoomba kazi hiyo ziliulizwa maswali. Mathalan: Je, mnawauzia raia bunduki za kivita? Silaha za zamani mnazozipokea kutoka kwa polisi mnazifanya nini?

Hiyo haikuwa sheria mpya. Lilikuwa swali la mteja mwenye fedha mkononi. Sisi sote tunajua kwamba mwenye duka humsikiliza mteja anayenunua gunia zima kuliko anayenunua kibaba. Mji mmoja una sauti ndogo. Lakini miji mingi ikiuliza swali hilo hilo, muuzaji lazima asikilize.

NJIA YA TATU: LESENI YA JIMBO

Mji wa Chicago, katika jimbo la Illinois, umepata kuhesabu na kutangaza mahali zinapotoka bunduki zinazokamatwa na polisi wake. Katika taarifa ya mwaka 2017, mji ulionyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba maduka machache, mengine yakiwa nje kidogo tu ya mji, yalikuwa yametoa sehemu kubwa ya bunduki hizo. La pili ni kwamba zaidi ya nusu ya bunduki zilitoka katika majimbo mengine. Zaidi ya moja katika kila tano zilitoka Indiana, jimbo la jirani. Mtu akipanda gari kutoka Chicago hufika Indiana kwa muda mfupi.

Viongozi wa Chicago, wachungaji, na wazazi waliopoteza watoto waliliomba jimbo lao liwape wauzaji leseni ya jimbo na kuwasimamia. Jambo hilo lilichukua miaka mingi. Mwaka 2018 gavana aliyekuwapo alikataa kutia sahihi muswada wa namna hiyo. Hawakukata tamaa. Mwezi Januari 2019 gavana mpya, JB Pritzker, alitia sahihi.

Sheria hiyo ya Illinois inawataka wauzaji wapate cheti cha jimbo. Inawataka wafunge kamera, watunze hesabu za bunduki zao, na wazifungie salama. Tena wafanyakazi wao wafundishwe kila mwaka jinsi ya kumtambua mnunuzi wa kutumwa. Mambo mengi ambayo mwaka 2008 yalikuwa ya hiari, sasa katika jimbo hilo yakawa amri.

Lakini sheria ya Illinois huishia kwenye mpaka wa Illinois. Ukiziba ufa wa nyumba yako, na chumba cha jirani mliyeungana naye ukuta kina ufa, maji bado yatakufikia. Hilo ndilo tatizo lililobaki.

WAUZAJI WENYEWE

Ingekuwa kosa kudhani kwamba wauzaji wote ni watu wabaya. Hesabu tulizoziona zinasema kinyume. Wengi wanauza kwa uangalifu, na wana watoto wanaotembea katika barabara zile zile.

Tangu mwaka 2000 chama cha wafanyabiashara wa bunduki na idara ya serikali inayosimamia silaha wameendesha kampeni ya pamoja ya kuwaonya watu wasiwanunulie wengine kwa uwongo. Mwaka 2022 Bunge la Marekani liliongeza adhabu. Mnunuzi wa kutumwa anaweza kufungwa hadi miaka 15.

Katika jimbo la New Hampshire kulitokea jambo la kusikitisha mwaka 2009. Watu watatu, katika muda usiofika juma moja, walinunua bunduki katika duka moja. Kila mmoja alijiua muda mfupi baadaye. Hawakujuana. Mwenye duka aliumia moyoni. Hakusema, "Mimi niliuza kwa sheria, mengine hayanihusu." Alikaa pamoja na wauzaji wengine na watu wa afya. Walitengeneza matangazo ya ukutani na vitabu vidogo. Waliandika dalili za mtu aliyekata tamaa: hana ujuzi wa bunduki, hajali ni ya namna gani, ana haraka, ana huzuni au hasira. Waliwakumbusha wauzaji kwamba wana haki ya kukataa kuuza.

Ilipochunguzwa baadaye, karibu nusu ya maduka ya jimbo hilo yalikuwa yametundika au kugawa matangazo hayo. Majimbo mengine yaliiga, mathalan Colorado, ambako idara ya afya ya jimbo ilishirikiana na wilaya. Kumbuka kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu wanaojiua. Kungoja siku chache kunaweza kumpa mtu nafasi ya kutulia na kupata msaada.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Si watu wote wa Marekani wanaokubaliana na juhudi hizi. Wako wanaosema kwamba mhalifu hatashindwa kupata bunduki. Ataiba, au atanunua kwa mtu binafsi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Bunduki nyingi huibwa. Tena katika majimbo mengi mtu asiyefanya biashara ya bunduki anaweza kumuuzia mwenzake bila kuuliza serikali. Duka ni ufa mmoja tu, na nyumba ina nyufa nyingi.

Wengine wanasema kwamba kanuni nyingi zinamsumbua mnunuzi mwema na kumfilisi mwenye duka dogo. Kamera ni ghali. Cheti ni ghali. Hayo nayo yanafaa kusikilizwa.

Lakini mambo ya Milwaukee yanabaki kama ushahidi. Duka moja lilibadili uuzaji wake, na bunduki mpya za wahalifu zikapungua mjini. Watu walipoacha kuliangalia, zikaongezeka. Kutokuziba nyufa zote si sababu ya kuacha wazi ule unaouona.

TUMALIZIE

Serikali ya mji ina nguvu kidogo. Haina jeshi, na mara nyingi haina hata ruhusa ya kutunga sheria ya bunduki. Lakini inaweza kuhesabu na kutangaza. Inaweza kuzungumza na wauzaji. Inaweza kutumia fedha zake kwa masharti. Inaweza kwenda mahakamani. Inaweza kulisukuma jimbo litunge sheria. Miji tuliyoitaja imefanya hayo yote, polepole, kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mwisho wa yote, kazi inarudi kwa mtu mmoja aliyesimama nyuma ya meza ya duka. Mbele yake wako watu wawili. Mmoja anaonyesha bunduki kwa kidole, na mwingine ameshika kalamu. Hakuna askari hapo, wala meya. Yeye ndiye anayeamua kuuliza au kunyamaza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mnunuzi wa kutumwa: mtu anayenunua bunduki kwa jina lake ili ampe mwingine asiyeruhusiwa kununua.

Nyayo za bunduki: njia ambayo bunduki ilipita kutoka kiwandani mpaka kwa mtu wa kwanza aliyeinunua dukani.

Jimbo: sehemu ya nchi ya Marekani yenye gavana wake, bunge lake na sheria zake.

Fidia: malipo anayopewa mtu aliyeumizwa au kupata hasara.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini karatasi za mnunuzi wa kutumwa huonekana safi?

2. Ni dalili zipi ambazo muuzaji anaweza kuziona kwa macho yake?

3. Bunduki mpya za wahalifu zilipungua kwa asilimia ngapi katika mji wa Milwaukee baada ya mwaka 1999? Kwa nini ziliongezeka tena?

4. Muuzaji wa bunduki ya Charleston hakuvunja sheria. Je, kutii sheria peke yake kunatosha? Toeni sababu zenu.

5. Ni bidhaa gani nyingine inayoweza kuleta hatari isipouzwa kwa uangalifu, kama vile dawa za kuua wadudu au dawa za hospitali? Mwenye duka anaweza kuuliza maswali gani kabla ya kuuza?